Mashine Nyeusi na Viazi vya Baba

Jumanne.

Mimi, niliyeogopa hata kuinua mkono darasani, leo nimebishana na Baba mbele ya wateja.

Mjomba ana kibanda cha kuchezesha watu gemu, na alinunua mashine nyeupe kwa sababu ni nafuu. Sasa gemu mpya ya mpira imetoka, na inachezeka kwenye mashine nyeusi pekee. Wateja wanahama. Mjomba akasema atafunga kibanda, na hapo ndipo nina kazi yangu ya kwanza tangu nimalize shule.

Baba, aliyekuwa ameshuka kutoka shambani kwake Kibirichia, akakasirika. "Hao waliotengeneza gemu ni wajinga. Mbona wasiuzie kila mtu?"

"Labda kampuni ya mashine nyeusi iliwalipa mapema," nikasema. "Kama broka wako, Baba, yule dalali wa viazi. Anakuletea mbegu na magunia, halafu viazi vyote ni vyake."

"Broka wangu ni rafiki!"

"Kumbe Kendi anaongea," Mjomba akasema. "Na bei anayokupa huyo rafiki je?"

Watu wakacheka. Baba akatoka nje kumpigia broka simu.

Jioni tulipata mashine nyeusi, ya mtumba, kwa pesa alizotumiwa Baba. Kazi yangu imepona. Rafiki ya Baba ameshanunua viazi vya msimu ujao, na bado hatujapanda.