Mbegu ndani ya karai ya mujomba

Jumanne, Butembo. Mvua inanyesha tangu asubuhi, umeme hakuna, na kichwa changu ni matope matupu.

Mémoire yangu, tasnifu ya kumalizia chuo, inahusu matabaka mawili ya majivu ya volkeno, moja juu ya jingine, niliyoyachimba bondeni Semliki wakati njia ilikuwa bado inapitika. Ndani ya majivu mna zirkoni, vifuwele vidogo kuliko punje za chumvi. Kila kimoja kina urani inayogeuka madini ya risasi polepole. Ukizipima zote mbili unajua kifuwele kilizaliwa lini, na tabaka lake lilitandikwa lini.

Majibu ya maabara ya ng'ambo yalirudi kichwa chini: tabaka la juu ni la kale kuliko la chini, tena kwa mbali sana. Ni kama paa limejengwa kabla ya msingi.

Nilikuna kichwa wiki nyingi. Mwishowe niliandika sura nzima kwamba mto ulileta vifuwele vya miamba ya kale ukavichanganya na majivu. Professeur anayenisimamia aliisifu. Nilivimba kichwa, nakiri.

Leo nimempigia simu Mujomba Paluku, kaka yake mama, anayekaa Bungulu kule Beni na kuosha dhahabu upande wa Mabalako. Ili kutenga zirkoni, majivu huoshwa kwa maji ndani ya karai, kama dhahabu. Tabaka la chini nililiosha mwenyewe. La juu aliliosha yeye, lote, maana mikono yangu ilikuwa imechoka na karai anaijua kuliko mtu yeyote. Nilitaka tu kuandika vizuri jinsi alivyofanya. Ameeleza, kisha akaongeza kwa furaha:

"Nilikuachia mbegu mu karai, mwana ya dada. Siye bote tunaachaka kamuchanga keusi ka zamani, juu mupya isikimbie."

Mchanga mweusi wa mtoni, uliobaki karaini tangu kazi za zamani; waosha dhahabu huamini unaita dhahabu mpya isikimbie. Umejaa zirkoni za kale.

Nimekaa kitako.

Sasa sijui kitu. Huenda mto ulifanya kweli nilichoandika. Huenda ni karai. Huenda vyote viwili. Majivu yenyewe hayakubaki hata kijiko, na bondeni siku hizi, kwa hofu ya vita, hakuna anayekwenda.

Nimkasirikie? Alinipa bahati yake. Kosa ni langu: sikumwambia karai lazima iwe safi kabisa. Ameniuliza kama ilisaidia, nikajibu kwamba ilisaidia sana. Sijui kwa nini nimesema hivyo.

Mchana nimeifuta ile sura. Mahali pake nimeandika kwamba umri wa tabaka la juu haujulikani, na sababu yake. Professeur atakunja uso, labda nitarudia mwaka mzima. Inauma, lakini si hilo linalonitoa machozi. Ijumaa ndiyo siku ya kuitetea mémoire mbele ya walimu. Mujomba atakuja na koti lake la misa, atakaa kiti cha mbele, na atasikia mbele ya watu kwamba mkono wake ndio ulioharibu.

Hapana. Kesho asubuhi napanda pikipiki kwenda Beni, aisikie kwangu kwanza.

Nitaanzaje?