Picha ya Kumi na Tisa

Jumanne, 13 Desemba 1994

—na choo imejaa mpaka maji yake inatembea kwa njia, inakuja mpaka kwa viatu zetu. Watu wanainua tu miguu. Mama mmoja ameweka kuku juu ya meza, anakula machungwa, maganda anatupa chini kwa hiyo maji. Nimeshindwa kumaliza mkate.

Hii treni ya Kisumu inapitanga kwetu usiku. Lakini gari ya mizigo ilikwama mbele, tukakaa stesheni ndogo mpaka kukapambazuka. Sasa ni asubuhi kabisa ndio tunapanda mlima. Polepole! Mtu anaweza kushuka akojoe na aipate.

Niko na Weldon, mtoto wa baba mkubwa. Tulienda kuchukua mashini ya kushona ya bibi yake. Mashini nabeba mimi. Yeye anabeba kamera. Tangu atoke Nairobi hawezi kuona kitu bila kupiga. Juzi Jumapili alipiga Kogo, nyanya yetu, nje ya nyumba kwa kiti. Kogo hajawahi kupigwa picha maisha yake yote. Aliuliza kama itauma. Hiyo nilipenda. Lakini hapa dirishani — amepiga mama akinyonyesha mtoto, amepiga mzee akijisaidia kwa miwa. Anacheka peke yake. Eti watu wetu ni sinema. Kwani yeye ni wa wapi?

Hiyo hiyo siku, mchana

Niandike tu.

Karibu Londiani, pale msitu inakaribia reli, Weldon aliniambia nimshike mshipi atoe mabega nje. Nikamshika. Mbele vijana walikuwa wanavuka reli, saba au nane, wamejifunika ngozi mpaka kwa macho. Ni wale wametahiriwa, wako menjo, huko ndani ya msitu, mpaka wamalize kufundishwa. Mwanamke haruhusiwi kuona uso yao. Mama yao zaidi. Kwetu msitu imeisha, imebaki majani chai peke yake, ndio mjomba aliwaleta huku. Wanajua treni inapita usiku. Walivuka bila wasiwasi.

Wakaona sisi, wakaruka kwa majani. Mmoja akabaki amesimama. Akatoa ngozi kwa uso aone treni vizuri.

Kipsang. Ndugu yangu mdogo. Mdomo wazi kama mtoto. Hajawahi kuona treni karibu hivyo.

Tak.

Na mimi ndio nilikuwa nimeshika mshipi.

Kulikuwa na mzee Mkisii hapo, Bosire, anafanya kazi ya majani chai kwa estate. Hakupiga kelele. Alisema, "Kijana, hata kwetu hiyo haionyeshwi mama. Toa hiyo filamu." Weldon akamjibu picha haina mdomo. Akaangalia namba kwa kamera — kumi na tisa. Wamama wakaanza kuuliza tumeona nini. Mzee akaniangalia mimi. Alikuwa anangoja niseme kitu. Nikaangalia mashini.

Weldon hakukaa menjo. Yeye alipelekwa hospitali, akalala siku mbili, akapewa soda. Hajui. Mimi najua! Sasa nani mbaya?

Jumatano, 14 Desemba

Asubuhi Weldon alienda kuoga, kamera ikabaki kwa kitanda. Nimesikia ukifungua nyuma kidogo tu, mwangaza inaingia, filamu yote inakufa. Nilishika hapo pa kufungua. Halafu nikakumbuka Kogo yuko ndani. Namba tatu. Nikairudisha.

Mchana amepeleka filamu Kericho kwa studio ya Elmina. Elmina anaosha picha mwenyewe. Mwanamke! Kwa hivyo tayari mmoja ameona.

Kogo anakohoa. Amekataa uji.

Alhamisi, 15 Desemba

Kogo ametuacha alfajiri.

Picha yake ni hiyo moja tu.

Ijumaa, 16 Desemba

Boma imejaa watu. Weldon ametoka taoni, anakunywa chai kwa kikombe ya wageni. Mashangazi wanamshika mkono, wanasema huyu ni mtoto wa maana, bila yeye tungezika Kogo bila picha. Anainamisha kichwa kama pasta.

Akasema Elmina ametengeneza mbili kubwa, akaziweka kwa kioo ya nje, ile inaangalia barabara. Moja ni Kogo. Ya pili ni ya safari ya treni. Watu wanasimama kuangalia. Hapo akanikonyeza.

Nikamfuata nyuma ya zizi. Nikamuuliza, "Uso inaonekana?"

"Mpaka meno. Kurui, wacha mambo ya zamani. Mama yako hata atafurahi, si hajaona mtoto wiki tatu?"

Ananuka ile mafuta yake ya nywele. Hata hapo niliangalia chini tu.

Nimerudi ndani, na mama anasema hawezi kungoja mtu wa kutumwa. Anataka kuchukua picha ya Kogo yeye mwenyewe, iwekwe juu ya sanduku kesho. Dada yangu Cherotich anaenda na yeye. Nikamwambia wacha niende mimi. Akasema wewe hujui kuongea na watu, Elmina atakupea ya mtu mwingine. Watu wakacheka. Ni kweli. Na nikimwambia asiende ataniuliza kwa nini, na hiyo kwa nini haiwezi kuambiwa mama. Elmina naye nitamwambia nini? Na yeye ni mama ya watu.

Nimechukua makasi ya ile mashini, ya kukata hiyo picha, na blanketi ya Kogo. Kama Elmina amefunga, nitafunika kioo nisimame hapo.

Mama amevaa leso. Anatafuta kiatu ya pili chini ya kitanda. Ndio naandika hii nimesimama.

Lazima nitoke sasa, nikate njia huku chini katikati ya majani chai, mbio, kwa sababu Cherotich ameipata kiatu.