Mama aliketi kabla ya daraja

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, mvua hakuna. Miguu inaniuma na moyo hautulii.

Leo mimi na mama tumepanda njia ya kando ya mto Kalimabenge, kutoka hapa Songo kuelekea daraja la magogo. Ng'ambo yake ndipo kijiji cha wazazi wangu kinapoanza. Tangu baba afariki mama anakaa kwangu, na kila mara ananiomba arudi kuishi kule mlimani. Mimi humjibu kwamba miguu yake haiiwezi tena njia ile. Juzi akanikatiza: "Kama minye nafika ku daraja bila kukaa chini, utaniacha niende. Sawa?"

Nilikubali kwa sababu nilijua atashindwa.

Njia ilikuwa kimya, hata wachota maji hatukuwakuta. Miti imeinamia mto, chini kuna ubaridi na majani yaliyooza yanateleza. Mama alitangulia, kitenge amekikaza kiunoni, kandambili mkononi. Mimi nyuma na raba zangu mpya, nimebeba muhogo na samaki wadogo wa ndagala. Kila kona nilimuuliza kama angependa kupumzika kwa kusimama. Alinijibu bila kugeuka: "Weye ndiyo uko nahema."

Tulipoliona daraja, nikaiwaza nyumba yangu jioni: sahani moja mezani, na redio bila mtu wa kubishana nayo. Machozi yakanitoka. Nikayafuta upesi, lakini mama alikuwa ameshageuka.

Akanitazama kitambo. Kisha akaketi juu ya jiwe.

"Minye nimechoka," akasema. "Leta chakula, tukule, turudi."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ndiyo kweli. Nilikula kwa hamu, mama akala kidogo, wala hakulitazama daraja tena.

Wakati wa kushuka akaokota kuni, akafunga mzigo mzima, akajitwika. Alishuka nao hadi mlangoni bila kusimama. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwomba anisubiri.

Sasa yuko jikoni anasonga ugali, huku akiigombeza redio. Huyo si mtu aliyechoka.

Alishinda, akaniachia ushindi wake.

Kesho baada ya misa nitamwambia afunge vitu vyake. Masufuria nitabeba mimi, mpaka ng'ambo ya daraja. Nitamwomba jambo moja tu: atangulie, na asigeuke nyuma.