Sanduku la Sauti ya Athumani

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Nimeranda mbao tangu asubuhi. Moja ina fundo katikati, imenitafuna makali ya randa. Mvule huu ulikuwa mlango wa duka kule Mkumbara. Mgumu kama mwenye duka mwenyewe.

Landrova ya operesheni ya kuhamia vijijini iko uani kwangu. Honi yake ya bati ya kutangazia imepasuka. Dereva wake, Mhina, anasema huko Handeni inalia kama mbuzi aliyekabwa, watu wanacheka badala ya kuhama. Wakubwa wanataka sanduku la mbao, na wameleta spika mbili kubwa zilizokuwa kwenye klabu ya shamba la mkonge. Wanataka sauti yenye kifua. Kazi ninaiweza. Kinachonishinda ni sauti yenyewe.

Ni ya Athumani, mdogo wangu, tumbo moja. Alikuwa mtangazaji wa gari hilo. Alikaa hapa Kwamndolwa kwangu, chumba cha uani. Tumemzika Kwemsufi, kwa mama, na arobaini yake haijafika. Lakini kanda aliyosemea ipo na wakubwa hawaoni sababu ya kutafuta mtu mwingine. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo tulivyofundishwa. La Athumani lipo. Linasubiri nimalize kuranda.

Jumanne, 6 Agosti

Sanduku limesimama. Nimeunga pembe kwa meno, gundi na skrubu, bila misumari. Msumari hulegea barabarani na sanduku likiwa na upenyo hata mdogo sauti hukimbilia hapo ikapiga mluzi. Nimepitisha mshumaa kuzunguka kila kiungo. Moto haukutikisika popote.

Ndani nimejaza katani mbichi, makapi ya kiwandani, imeze mwangwi. Inanuka. Sijali.

Zaina, mke wangu, hajaniuliza nitalijaribu lini. Amehamishia ndoo zake upande wa pili wa nyumba.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimejaribu. Heri nisingejaribu.

Mhina aliweka kanda, mimi nikashika waya. Kwanza mkwaruzo, kisha yeye. "Mnaitwa!" Hivyo ndivyo kanda inavyoanza, neno moja, halafu kimya kidogo, halafu ndugu wananchi na maneno mengine yote ya kuhama. Athumani alilichagua mwenyewe neno hilo. Alisema ukimwambia mtu ahame atakubishia, ukimwambia anaitwa atatoka nje kwanza.

Mwanangu Mwajuma alitoka mbio jikoni. "Abee! Baba mdogo, abee!" Alizunguka Landrova yote akimtafuta. Alichungulia hadi chini ya magurudumu.

Zaina alimnyakua akamziba mdomo kwa kiganja. Kwetu mtoto hufundishwa mapema: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Kaa kimya, subiri, mwenye haja atajitokeza. Kama ni maiti anayekuita, ukiitika umemfuata. Mimi si mtu wa mambo hayo. Lakini bisibisi sikuigusa tena mpaka adhuhuri.



Ijumaa, 9 Agosti

Mwajuma ana homa. Zaina alinitazama tu. Hakuna haja ya kusema, macho yake yana kipaza sauti.

Baada ya swala nimerudi kwenye gari. Sasa ni amplifaya, niiweke wapi. Mhina anataka mbele, karibu na betri, waya uwe mfupi. Nimeiweka. Tulipowasha injini, mvumo wa dainamo ukaingia kwenye sauti. Kila neno la Athumani lilikuwa na nyuki ndani yake. Mhina akasema haidhuru, maneno yanasikika.

Nikaona ni sawa. Nyuki wale walimfanya asiwe Athumani. Nikakaza skrubu. Kisha nikazilegeza tena. Sanduku nimelijenga mimi, litapita Korogwe nzima, na kila fundi atasikia nyuki. Kiburi kibaya. Najua.

Jumapili, 11 Agosti

Mwajuma ameamka, ameomba uji. Malaria tu. Nimeshukuru kuliko ninavyoweza kuandika.

Amplifaya nimeihamishia chini ya kiti cha abiria. Nyuki wametoweka, lakini huko hakuna hewa. Tulizunguka mjini, ikapata moto ikakata sauti katikati ya neno. "Ndugu wanan." Kimya. Kisha ikapoa ikarudi yenyewe tukiwa tumesimama sokoni, gari limezimwa, hakuna aliyeigusa. Akina mama wa ndizi waliomfahamu Athumani waliacha mafungu yao wakaondoka. Mmoja alikuwa akisoma kimoyomoyo, midomo inacheza.

Jumanne, 13 Agosti

Amplifaya nimeiweka juu ya sanduku lenyewe. Kosa. Sanduku likivuma linaitikisa, nayo ikitikiswa inavuma zaidi. Mngurumo ulianza chini kabisa ukapanda, na sauti ya Athumani ikazama ndani yake.

Mwisho nimepata. Nimeining'iniza kwenye ukuta wa bati nyuma ya dereva, kwa vipande vya mpira wa baiskeli, pembe nne, haigusi kitu. Hewa inapita pande zote. Waya wa betri nimeupitisha upande wake, wa spika upande mwingine, zisikutane. Safi. Kazi hii mtu akinionyesha ya mwingine nitamwonea wivu.

Kilichobaki ni katani. Inakwaruza, inampa sauti ya mtu mwenye nywele kooni. Inatakiwa kitu laini.

Jumatano, 14 Agosti

Nilikuwa nimeshapasua mto kabla sijafikiri ni wa nani.

Ulikuwa chumba cha uani. Sufi nzuri, nyeupe, mama aliiokota mwenyewe chini ya msufi wa nyumbani akaushona mto, akamletea Athumani alipohamia kwangu. Vitu vya marehemu tulivigawa siku ya tatu, mto ukasahaulika. Nilikuwa nahitaji sufi, nikaenda palipo na sufi. Hivyo tu. Nilipoona alama ya mafuta ya nywele zake kwenye kitambaa, nusu ilikuwa tayari imo sandukuni.

Nikaijaza na nusu iliyobaki. Ningefanya nini, nirudishe kichwa chake?

Tukawasha. Ya Rabi. Alikuwa amesimama uani. Si redio, si kanda, Athumani kwa miguu yake. Zaina alikaa chini kwenye mchanga akalia kwa sauti, na mimi nikamwacha.

Na kuna jambo. Kabla ya "mnaitwa" kuna kikohozi. Kwenye honi ya bati hakikusikika hata siku moja. Kikohozi kifupi, kavu, cha mtu anayejizuia. Na mwishoni, baada ya maneno kuisha, anavuta pumzi kwa shida na kusema chini chini, "Mhina, zima, kifua kinaniuma."

Nimemwambia Mhina asizime, aache kanda ijirudie. Nimesikiliza tena. Mhina alikuwa anatazama viatu vyake.

Alhamisi, 15 Agosti

Mhina amesema. Kanda waliisemea wiki tatu kabla Athumani hajafa. Alikuwa ameomba ruhusa aende hospitali, akaambiwa operesheni haisubiri kikohozi. Alikuwa amepiga kelele kwenye vumbi la Handeni kiangazi chote, sauti imeanza kukatika. Ndiyo sababu wakaitia kwenye kanda, isije ikaisha. Sisi nyumbani tuliletewa mtu hajiwezi, tukaambiwa homa ya ghafla. Mama naye akaambiwa hivyohivyo. Homa ya ghafla ni amri ya Mungu, akasema mama, akanyamaza.

Nina hasira nisizojua pa kuziweka. Mhina ana watoto watano na aliambiwa anyamaze. Nimempa chai. Hakuinywa.

Jumapili, 18 Agosti

Kwemsufi. Arobaini ya Athumani.

Watu wachache. Wengi wameshahamia kijiji kipya, barabarani, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Nyumba zilizoachwa hazina mapaa. Kuku mmoja alisahaulika, anatembea kwenye sebule ya watu kama mwenye mji.

Baada ya kisomo nilikaa na mama. Nikamwambia gari linakuja Jumatano kwa mara ya mwisho, na nyuma yake mgambo. Atakayekutwa ndani ataezuliwa paa juu ya kichwa chake. Mama alikuwa anapepeta mtama.

"Wamezoea kuezua," alisema. "Waezue. Mimi na mwanangu hatuogopi mvua."

Alisema ataondoka Kwemsufi siku kaburi litakapoota majani, watu waone kuna mtu amelala hapo na si shimo la muhogo. Ni kiangazi. Hakuna jani litakaloota mpaka vuli.

Sikumwambia ni sauti ya nani itakayokuja kumhamisha. Huku gari halijafika tangu Athumani afe.  Nikala wali wa hitima kama mwizi.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimemwomba Mhina aweke kanda nyingine. Hakuna nyingine. Nimemwomba asome kwa mdomo wake. Ana kigugumizi, maskini, nilisahau.

Nimefikiri kuirudisha amplifaya karibu na betri, nyuki wamfunike. Au niitoe sufi. Mama asikie mashine, asisikie mtoto. Lakini hapo nikafikiri jingine, nalo ndilo linalonitisha: kama akimsikia kweli, huenda akatoka. Athumani hakuwahi kumkosesha mama usingizi. Akimwita atoke, atatoka, na paa litamkuta nje. Sauti ya maiti itamwokoa.

Mimi ni mtu wa namna gani ninayepiga hesabu kama hizi?

Jumanne, 20 Agosti

Sikugusa kitu. Nimekwenda kwa Mhina kumwambia kesho nitapanda. Nimetoa sababu kwamba mpira unaweza kukatika njiani.

Jumatano, 21 Agosti

Tulipita vitongoji viwili kabla ya kwetu. Kote walitoka. Wazee walivua kofia. Mtu mmoja alilisalimia gari, "Athumani, u hali gani," kisha akashika kinywa chake.

Mgambo walikuja nyuma kwa lori, wameshika nyengo za kuezulia mapaa na panga. Vijana wetu wenyewe. Mmoja nilimfundisha kuranda.

Mhina alisimamisha gari chini kidogo ya kaburi la Athumani, hakuna nafasi nyingine ya kugeuzia. Akaniangalia. Mimi nikatazama mbele. Akawasha.

Kikohozi. "Mnaitwa!"

Mama alitoka. Hakukimbia. Alikuja mpaka kwenye mlango wa nyuma wa gari, akasimama mbele ya sanduku, ungo bado mkononi. Hakuitika. Mimi ndiye niliyekuwa nimeuma meno nisiitike kwa ajili yake. Alisikiliza yote, ndugu wananchi, maji ya bomba, shule, zahanati, umoja. Ikafika mwisho, ile pumzi, na "Mhina, zima, kifua kinaniuma."

Mama akageuka. Si kwangu, kwa Mhina.

"Alikuwa mgonjwa."

Mhina alisema, "Ndiyo, mama."

"Mkamsemesha."

 

Kanda inajirudia yenyewe. Kikohozi tena. "Mnaitwa!" Mama aliweka kiganja juu ya kitambaa cha spika, pale sauti inapotokea, kama anavyomshika mtoto kifua kumpima homa. Na ile spika ilikuwa inatetemeka kweli. Nimeona vidole vyake vikitetemeka nayo.

Kisha akasema nami, polepole, kwa Kizigua, mgambo wasiotoka kwetu wasielewe. Sitaki kuyasahau maneno yake, ndiyo maana naandika. Alisema atahama. Leo hii, kwa miguu yake, na kaburi ataliacha na ukavu wake. Lakini Athumani anyamaze. Asifanyishwe kazi tena, apumzike kama wenzake waliokufa.

Niliingia nyuma ya dereva nikakata mipira yote. Amplifaya ilianguka. Nikang'oa waya wa betri na kuugusisha pasipostahili. Cheche, moshi, harufu ya plastiki. Kanda Mhina aliitoa mwenyewe. Aliuvuta utepe wake wote nje ya mashine mpaka ukamfunga mikono, akasema kwa sauti mgambo wasikie, "Imetafunwa, imetafunwa," bila kigugumizi hata kidogo.

Mama alikuwa ameshaingia ndani kukunja mkeka.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimeitwa wilayani. Nimesema mpira ulikatika, njia ilikuwa na makorongo. Wameniita fundi wa ovyo. Nimekubali. Nimeitwa mabaya zaidi na Zaina.

Sanduku wamelitupa uani kwangu. Watanunua honi ya bati.

Alhamisi, 12 Septemba

Mama yuko kijiji kipya. Nimemaliza kumwezekea leo. Nyumba ya tatu kutoka barabarani, imeelekea mgongo wa nyumba nyingine. Hapendi. Maji ya bomba bado hayajafika. Mwezi wa Ramadhani unakaribia, ameshaanza kuulizia tende.

Sanduku nililileta alikalie. Kwanza alilifungua, akatoa sufi yote, akaianika juani juu ya kanga akiipiga fimbo vumbi litoke. Amenunua kitambaa. Anashona mto. Hakuniuliza sufi ilifikaje humo na mimi sikusema.

Mchana gari lilipita na honi mpya. Sauti ya mtu wa Kabuku, nyembamba, anasoma kama anahesabu magunia. Mama hakuinua kichwa.

Baadaye nilikuwa napiga msasa fremu ya mlango, nikakohoa. Vumbi la mbao tu. Mama aliacha kushona, sindano juu, akanitazama mpaka nilipomaliza.