Hajapewa Likizo

Jumapili, 22 Juni 2025

Picha nyingine imeingia. Safari hii New Orleans. Kaka Silvanus kajivika shanga za plastiki za rangi zote, mkewe na watoto kando yake, nyuma yao bendi ya matarumbeta katikati ya barabara. Chini kaandika: tumeenjoy sana. Salamu kwa mama — hakuna.

Mama kanituma studio kuiprinti. Leo leo, baada ya misa! Nimeibandika ukutani juu ya kitanda chake pamoja na zile nyingine: New York alikopanda ghorofa refu, Chicago, Miami, Las Vegas amevaa miwani myeusi usiku. Ukuta wa mama hapa Nachingwea umeiona Marekani kuliko mimi fundi cherehani nitakavyowahi kuiona.

Mama kaitazama sana ile ya New Orleans. Kisha kasikitika. Wamemhamisha tena, kasema. Mwanangu hawamwachi atulie.

Miaka yote hii anaamini hiyo miji ni vituo vya kazi. Atawezaje kuamini vinginevyo? Mtu apande ndege na watoto, aende mji asio na ndugu hata mmoja, alipie kitanda, atembee barabarani, apige picha, arudi alikotoka — kufanya nini? Marehemu baba alikuwa mwalimu Kilimarondo. Likizo ikifika tulifunga mizigo, tukarudi kwetu Narung'ombe. Ndiyo likizo anayoijua mama. Unarudi kwenu. Kwa hiyo Silvanus tangu aende Marekani hajapewa likizo, maskini. Anahamishwa tu. Kila akisali anamwombea bosi wake alainike moyo.

Sijamsahihisha. Bora amhurumie kuliko amjue.

Alhamisi, 26 Juni 2025

Hospitali tena. Miguu imevimba, pumzi fupi. Daktari, kijana mpole, kanivuta pembeni. Moyo umechoka, kasema, tusihangaike naye kumpeleka mbali, tukae naye karibu. Halafu: kama kuna ndugu wa mbali, waiteni.

Najua maana yake. Nani asiyejua.

Nimempigia Silvanus hapohapo koridoni. Kapokea akiwa ndani ya gari. Nimemweleza yote. Kasema: "Pole, mdogo wangu. Afadhali mwezi wa saba niko likizo, nimeshaomba na wamekubali." Simu ikakatika.

Likizo! Nimerudi wodini nakimbia kama mtoto. Mama, kapewa! Mwanao kapewa likizo!

Kalia mama wa watu. Kisha kaomba kioo, kajitazama, kaniuliza kama nywele zake zinatisha.

Jumatatu, 30 Juni 2025

Yuko nyumbani na anakula! Uji kikombe kizima. Anaongea kutwa. Nifue mapazia. Ninunue neti mpya, Silvanus hajazoea tena mbu. Mjomba Eustace, kaka yake, kaja kutoka Narung'ombe kaleta ufuta na jogoo mwekundu. Mama kaagiza jogoo afungwe mguu uani, asiguswe mpaka mwenyewe aje.

Bi Ashura naye kaja kutoka Mtua. Huyu ni mtani wetu, ukoo wake na wetu wanataniana tangu mababu. Mlangoni tu kaanza: "Wewe kikongwe, hufi? Mimi nimeshanoa meno kwa ubwabwa wa msiba wako!" Mama kacheka mpaka kakohoa. Mtu mwingine angesema vile ningemtimua na fagio. Lakini mtani ni mtani, hukasiriki, hata msibani ana ruhusa yake.

Kisha kasimama mbele ya picha. Huyu wa Las Vegas, miwani kaiiba kwa nani? Na mbona miji yote hiyo, hana pa kulala? Mama kamtetea. Wanamhamisha, kasema, lakini sasa yamekwisha, kapewa likizo. Bi Ashura kanitazama. Mimi nimeinamia sare za shule nilizokuwa napinda.

Namwandalia kaka chumba changu. Mimi nitalala kwa mama.

Jumamosi, 5 Julai 2025

Sijui niandikeje.

Kanitumia picha ya daraja. Jekundu, refu, limesimama juu ya bahari. San Francisco. Picha ya hoteli. Picha ya watoto wameshika mabegi mapya. Tunaondoka wiki ijayo, kaandika, waambie nyumbani watuombee safari njema.

Nimempigia. Nimemuuliza unapitia huko ndipo uje? Nije wapi, kauliza. Huku! Kwa mama! Kasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto: "Marietha, nani alikwambia nakuja? Nilisema niko likizo."

Na kweli. Alisema hivyo tu. Nani kaongeza mengine? Mimi! Mimi niliyemcheka mama moyoni, neno moja tu nimesikia na mimi nikafua mapazia!

Kaendelea kujieleza. Watoto wameahidiwa tangu Krismasi. Tiketi zile hazibadilishwi. Ukifuta hoteli hurudishiwi kitu. Mama atapona, mbona ulisema anakula? Nimemwambia anakula kwa sababu anakungoja wewe! Akasema nisimtwishe lawama, maisha ya kule yana presha, mtu asipopumzika anaugua.

Anaugua! Mimi sijapumzika tangu niwe na akili. Nimemkatia simu. Nimeshona mkono wa shati kinyume, nikaufumua, nikaushona kinyume tena.

Jumapili, 6 Julai 2025

Nimemwambia mama wamemnyima. Bosi kageuza maneno dakika za mwisho, wanampeleka San Francisco.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na yeye ndiye aliyenibembeleza. Nilijua, kasema. Watu wale hawana huruma. Usimkasirikie kaka yako, si yeye.

Kauliza huko San Francisco kuna baridi? Kaagiza nikaprinti picha ya daraja aione. Jogoo asichinjwe, akae, siku wakimpa atamkuta.

Namchukia. Naandika hivyo na sifuti. Namchukia.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Mama katutoka asubuhi. Nilikuwa namlisha uji. Kafumba mdomo, nikadhani amekinai.

Jogoo bado kafungwa uani.

Jumapili, 13 Julai 2025

Narung'ombe. Msiba umejaa. Mama yuko mochwari, tunangoja.

Tunamngoja yeye, nani mwingine. Juzi nilipompa habari kalia kwenye simu, kalia kweli, nikamhurumia. Nisubirini, kasema, naangalia ndege. Mjomba Eustace kawatangazia watu: kaburi halifukiwi mpaka kifunguamimba atupe udongo wa kwanza kwa mkono wake. Ndivyo walivyozikwa wazee wetu wote, na kwenye ukoo huu neno la mjomba ndilo la mwisho. Watu wakakubali. Wakakoka moto, wakatandika mikeka.

Leo mchana nimefungua simu. Mkewe kaweka stetasi. Daraja lilelile, ukungu, wote wanne wameshika aiskrimu, wanacheka. Nikajiambia ni picha ya zamani. Mabegi yalikuwa yale mapya.

Baadaye ikaingia sauti ya Silvanus. Amejaribu, kasema. Ndege ni ngumu, atafika tumeshamaliza, kuna faida gani? Ila kuna teknolojia. Siku ya kuzika atapiga video, nimwoneshe kaburi, na yeye ashiriki.

Ashiriki!

Nimempelekea mjomba simu, nimemsikilizisha mwanzo hadi mwisho. Mzee wa watu kauliza kitu kimoja tu: je, kwenye hiyo video mkono unatoka nje? Nikasema hautoki. Kasema basi mama atangoja. Katekista kasema mama hawezi kungoja, mochwari wamekwisha sema tumchukue. Wakapandishiana sauti mbele ya wafiwa. Aibu tupu. Mwisho wakapatana maziko yawe Jumanne, lakini la udongo mjomba hakulegeza.

Nimekwenda jikoni kwa wapishi. Bi Ashura alikuwa anasugua sufuria. Nimemmwagia yote, kuhamishwa, bosi, likizo, daraja, kila kitu. Sikuwa na mwingine wa kumwambia. Nilitegemea atanitania. Kaendelea kusugua tu. Mwisho kauliza yale mabegi yao ni makubwa?

Jumanne, 15 Julai 2025

Naandika nikiwa juu ya kichuguu nyuma ya mikorosho. Narung'ombe mtandao wa kubeba video unapatikana hapa tu, na mjomba kaniamuru nikae hapa na simu. Naliona kaburi vizuri. Jeneza limeshateremshwa. Nguo aliyovaa mama nimeishona mwenyewe. Katekista kamaliza sala. Sasa wote wamesimama, hakuna anayegusa udongo.

Niandike ya asubuhi, nisije nikadhani niliota.

Jeneza lilipotolewa nyumbani, watu wanalia, tukasikia huko barabarani: "Nipisheni! Nipisheni nimechelewa!" Bi Ashura! Kavaa suruali ya mwanamume, koti, miwani myeusi, shanga za plastiki shingoni. Anaburuta begi lenye magurudumu kwenye mchanga, magurudumu hayazunguki, analipiga teke. "Mimi Silvanus! Nimetoka Chikago, nimetoka Maiami, nimetoka Las Vegas! Nina daraja langu, hamjaliona? Mama yuko wapi nipige naye picha?"

Watu wakaangua kicheko. Msibani hapo, mbele ya jeneza! Hata waliobeba jeneza walitetemeka mabega. Akawapiga watu picha kwa kifuniko cha sufuria. Akamuuliza katekista hoteli hapa ni ipi. Akaomba aiskrimu kwa wapishi. Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika mti.

Kisha akafika kwenye jeneza. Akaacha begi. Akapiga magoti. Kwa sauti ya chini kabisa akasema, "Mama, nimepewa likizo."

Hakuna aliyecheka. Mjomba Eustace kaficha uso kwa kofia. Mimi sijui nililia vipi, nimekuta wamenishikilia.

Sikumfundisha maneno yale. Nilimwambia tu.

Sasa hivi kapanda hapa kichuguuni, kakaa pembeni yangu. Miwani bado kavaa, anahema, ananiambia Marekani kuna jua sana. Nimemwambia nyamaza, Bi Ashura. Kasema mimi si Bi Ashura, mimi kaka yako, nisalimie vizuri.

Simu inaita.

Video. Uso wa Silvanus umejaa kwenye kioo kabla sijagusa kitu, picha yake ileile ya miwani, jina lake. Inaita, inatetemeka mkononi mwangu. Bi Ashura kauliza ni nani.

Sijapokea. Naandika kwa mkono mmoja. Nikipokea nitamwonesha nini? Kaburi? Atalitazama, atasikitika, atakwenda kula. Na mjomba hatakubali, na mama atabaki wazi pale chini akingoja mtu ambaye hakuwa anakuja. Hata siku moja hakuwa anakuja.

Imekatika. Inaita tena.

Mjomba kaisikia. Kageuka, kakinga jua kwa mkono, anatazama huku juu. Watu wote wanatazama huku juu. Anauliza kwa sauti: "Mpwa wangu! Ni yeye?"

Nimefungua begi la Bi Ashura. Halina kitu, tupu kabisa. Nimeweka simu ndani, nimefunga zipu.

Nimesimama nimemjibu: "Ndiye, mjomba! Kafika!"

Mjomba kashusha mkono. Anatutazama mimi na huyu mwanamke aliyevaa suruali. Anatazama sana. Kisha kasogea hatua moja kando ya kaburi, kaacha nafasi mbele ya udongo.

Bi Ashura kavua miwani, kajifuta, kaivaa tena. Anashuka. Begi analiburuta nyuma yake katikati ya mikorosho, na simu ndani bado inaita.