Kovu Liko Kushoto

S.L.P. 88,
Nyasubi, Kahama.
14 Juni, 1998.

Mpendwa dada Justa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba vumbi la Rwamgasa limekiachia kifua chako. Mama anauliza kila siku kama ile dawa ya majani ilikusaidia. Sisi hatujambo. Mpunga umeingia ndani, na baba amerudi kutoka Tinde na mbuzi wawili ambao hakuna aliyewahitaji. Wabeja sana kwa dagaa.

Umeshasikia kwamba Mihayo amenichumbia. Ndiye fundi wa mashine za kuvuta maji dukani kwa Bwana Umesh, ninapoandika hesabu nikisubiri chuo. Wajomba zake watakuja mwezi ujao kuzungumza habari za ng'ombe. Baba ameridhika, mama ameridhika, hata majirani wameridhika. Mtu asiyekosolewa na yeyote ananitia shaka.

Nikueleze jambo, na usinicheke. Heena, binti wa Bwana Umesh niliyesoma naye, ameletewa kompyuta yenye mchezo, nayo ameiweka dukani. Unaingia katika nchi ya kubuni yenye wafalme, misitu na mazimwi, na unakwenda utakako. Hakuna anayekulazimisha kufuata njia. Ila kabla ya kuingia lazima umtengeneze mtu utakayekuwa: kabila lake, sura yake, alikotoka, anachoweza. Uwezo unaopewa kumgawia ni mdogo. Ukizidisha nguvu, unapunguza akili.

Mimi wangu nilimpa akili karibu zote. Aliuawa na panya katika pango la kwanza.

"Limi, umetengeneza mwalimu mkuu!" Heena alicheka. "Panya hawaogopi chaki."

Nilicheka pia, lakini tangu siku hiyo nikaanza kumwangalia Mihayo anavyocheza duka likishafungwa. Niliona kwamba mtu akipewa dunia nzima achague, anachochagua kinamsema.

Mwanzoni alikuwa shujaa mwenye ndevu, kama wanaume wote. Kisha Jumamosi moja akaomba kutengeneza mtu mwingine, mwanamke. Akamwita Asteria. Heena akanikonyeza, akidhani ni utani. Mihayo hakuwa na utani. Alizipitia sura zote, akazirudia. Moja ilikuwa na kovu kidevuni, upande wa kulia.

"Hii nzuri, fundi. Chukua, twende tukale," Heena alisema.

"Hapana. Kovu liko kushoto."

Heena akamwambia kovu halihamishwi, kompyuta si cherehani. Basi akachukua sura isiyo na kovu, amekunja uso kama aliyeuziwa kitu kibovu.

Dada, anayebuni sura hajali kushoto wala kulia. Anayekumbuka ndiye hukataa.

Huyo Asteria, Mihayo akamnunulia nyumba kando ya mto, akamfikisha mlangoni, akamwacha hapo. Hakumpeleka pangoni wala kwa mfalme.

"Shemeji, mbona umemfungia mwenzio?" Heena alimtania.

"Anangoja," akasema.

Nikamwuliza anamngoja nani. Ghafla akakumbuka mashine ya mteja iliyokuwa haijafungwa. Kesho yake nilipomwuliza tena, alisema ni jina tu.

Heena anasema naionea wivu picha. Labda. Nimefikiria pia kwamba huenda ni dada yake marehemu, lakini alituambia kwao hawakuzaliwa wasichana. Na mtu aliyefiwa angesema, tukamlilia pamoja naye.

Mihayo alichimba dhahabu huko kwenu kabla ya kuja Kahama. Wewe mwenyewe uliniambia wanaume hufika Rwamgasa na jina jipya na hadithi mpya, na hakuna anayewauliza mradi waweze kushuka kwenye duara, lile shimo la mgodi, na kupanda na mawe. Basi mchezo huu wameucheza siku nyingi bila kompyuta. Mimi naogopa kuolewa na mtu aliyejitengeneza kwa ajili yetu: mpole, asiyekunywa, asiye na jana.

Ndiyo maana sikuombi umtafute Mihayo. Jina hilo huenda lilizaliwa hapa Kahama. Mtafute huyo mwanamke. Wachimbaji wote wanakula kwako, na wake zao hawakosi kupita kuomba moto.

Nisalimie sana shemeji Stanslaus, Ghati na watoto wote. Mwambie mama Mageni kitenge chake nimekipata. Mungu awafunike kwa mkono wake, mapato yenu yawe na heri.

Ukimwona mwanamke mwenye kovu kidevuni, upande wa kushoto, usinitaje. Mpe chai, mwache akae, kisha mwulize kama kuna mtu ambaye yeye anamngoja. Akisema yupo, niandikie neno hilo moja tu kabla wajomba hawajafika. Kwa baba nitasimama mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,
Limi