Neno Nililoandika Kabla ya Mnada

Kaka yangu mpendwa,

Umezikwa ukiitwa mwizi, na mimi ndiye niliyekupa jina hilo. Nakuambia wewe kabla sijamwambia mama.

Unamkumbuka yule ndama mwekundu? Ulinipa kisu nimkate sikio alama ya kwetu, mikato miwili, sikio la kushoto. Damu ilinitisha, nikakata mmoja nikamwachia. Ulinichapa fimbo za miguu mpaka nikakaa chini. "Alama inasomwa na asiyekujua," ulisema. "Hakuulizi. Anasoma tu." Nilikuchukia siku nzima, kisha ukanibeba mgongoni mpaka kisimani, mshenzi wewe, nikasahau.

Kazi yangu hapa Singida mjini ni ile ile, kasoro damu. Ile programu ya simu inayoonyesha mnadani ng'ombe ni wa nani, ofisi yetu ndiyo iliyoitengeneza. Kila badiliko tunaliandikia ujumbe mfupi, nao unaanza na neno tulilokubaliana: "rekebisho" kwa jambo dogo, "vunja" kwa linaloharibu mpangilio wa zamani. Mtambo unaotoa matoleo mapya unasoma neno hilo tu. Ukikuta "rekebisho", unasambaza kwenye simu zote palepale. Ukikuta "vunja", unasimama mpaka mtu akague.

Nilikuwa nimebadili namba za ng'ombe wote kwenye programu ili iende haraka. Nilijua ni "vunja". Lakini ulikuwa umenipigia ukilalamika programu inasuasua, na mnada wa Kinyangiri ulikuwa kesho yake. Nikaandika "rekebisho" ili isingoje ukaguzi, nikaenda kula.

Asubuhi simu ya karani wa mnada ilisoma namba ya dume lako ikatoa jina la mtu mwingine. Uliwaonyesha sikio. Nani anaangalia sikio siku hizi? Watu wakakuita mwizi, wakakupiga fimbo, halafu mawe, halafu mmoja akaleta jembe. Wifi anasema ulikuwa ukirudia, "Mpigieni mdogo wangu, yeye anajua," mpaka mdomo ukajaa damu usiweze kutamka. Walinipigia mara nne. Simu niliizima sauti, nilikuwa kwenye kikao.

Nawachukia, kaka. Natamani niwashike mmoja mmoja niwavunje vidole, niwasikie wakilia kama ulivyolia. Halafu naviona vidole vyangu juu ya meza na hasira inanigeukia, najing'ata mkono mpaka ngozi inachanika.

Mama haendi tena kanisani. Wanao wanasukumwa kisimani, wanaambiwa damu ya mwizi. Jumatano kuna mkutano wa kijiji. Nitasimama nisome ujumbe ule, na jina langu lililo chini yake, kisha nitasema neno lililopaswa kuwa mbele. Waliokuua watakuwa wamekaa pale na fimbo zao. Wifi ameniomba nisiende. Nimeshakata tiketi ya basi.

Pumzika sasa, kaka. Kama fimbo zitanigeukia, sitataja jina la mtu mwingine.

Mdogo wako,
aliyekata mkato mmoja